Muungano wa Hiari wa Gnadling

Inatangazwa kwa umma wote, wa ndani na wa nje, kwamba vijiji vya Gnadling ya Juu na Gnadling ya Chini viliungana mwaka 1978 kwa hiari, kwa furaha, na bila mtu yeyote kubebwa kwenye kiti.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Engelbert Pfannenstiel, katibu wa manispaa ya Gnadling. Nililibandika kwa mikono yangu kwenye ubao ulio mbele ya ofisi, kati ya ratiba ya magari ya taka na picha ya paka aliyepotea. Meya wetu, Mheshimiwa Meinrad Dirnhofer, alilisoma, akalisifu, kisha akaniuliza kwa upole:

“Engelbert, hayo maneno ya kiti umeyaweka ya nini?”

“Kuondoa shaka, Mheshimiwa.”

“Shaka ya nani? Hakuna aliyeuliza habari za kiti.”

“Ndiyo maana nimejibu mapema.”

Akayakata maneno ya kiti kwa kalamu nyekundu. Ndivyo historia inavyotunzwa mahali penye utaratibu: kinachozidi kinapunguzwa, kinachopungua kinajaziwa.

Ilikuwa mwaka wa maadhimisho. Miaka arobaini ilikuwa imetimia tangu wakubwa wa jimbo walipoona kwamba Bavaria ina vijiji vingi kuliko makabati ya kuvihifadhia, wakaamuru vidogo vimezwe na vikubwa. Gnadling ya Juu ilikuwa kubwa kwa sababu ilikuwa na duka la nyama. Gnadling ya Chini ilikuwa ndogo kwa sababu haikuwa nalo. Kijito kinapita katikati, na mtu mzima hukiruka bila kuvua viatu, lakini watu wa pande mbili hizi hawajawahi kukubaliana hata jina la kijito chenyewe.

Mheshimiwa Meinrad alikuwa na ndoto ya kuukamilisha muungano huo. Aliunda Kamati ya Kumbukumbu za Furaha, yeye mwenyekiti, mimi katibu. Katika kikao cha kwanza tulipitisha kwamba jina la Gnadling ya Chini litaondolewa kwenye vibao vyote vya barabarani, kwa kuwa umoja hauna haja ya juu wala chini. Katika kikao cha pili tulipitisha kwamba nyumba ya kijiji ya huko Chini, ile yenye mnara mdogo wa kengele, ambamo wanafanyia mazoezi ya zimamoto na kula chakula cha msiba, itabomolewa ipishe Uwanja wa Umoja. Uwanja ungekuwa na chemchemi na maegesho ya magari. Kamati ilijadili chemchemi kwa nusu saa na maegesho kwa siku nzima.

Kilichobaki kilikuwa sherehe yenyewe. Mheshimiwa alitaka igizo. Wananchi wataigiza siku ile ya mwaka 1978, jinsi meya wa mwisho wa Gnadling ya Chini, marehemu mzee Kastulus Aigenmoser, alivyokabidhi ufunguo wa nyumba ya kijiji kwa meya wa Juu huku akitabasamu. Meya wa Juu wakati huo alikuwa baba yake Meinrad. Kwa hiyo Meinrad angemwigiza baba yake. Na mzee Kastulus angeigizwa na binti yake, Kreszenz, mfugaji wa ng'ombe, ambaye kila mtu humwita Zenz.

Hapa inafaa niseme jambo moja ambalo kitaalamu si sehemu ya historia. Watu wa Chini wanadai kwamba mzee Kastulus hakukabidhi ufunguo wowote. Wanadai alijifungia ndani ya nyumba ya kijiji, nje wakazungusha matrekta na mikokoteni ya samadi, na polisi waliotoka mjini wakavunja mlango, wakamkuta mzee amekaa kitini, amekataa kusimama, wakambeba na kiti chake hadi barabarani. Wanadai aliugua tangu siku hiyo na hakumaliza majira ya baridi. Madai haya yanatolewa na kila mtu aliyekuwepo, kwa hiyo hayana chanzo huru.

Tulimfuata Zenz zizini, Mheshimiwa na mimi. Alikuwa amevaa buti za mpira, akikamua.

“Shikamoo mama,” nilimwambia, maana amenizidi umri na nilikuwa nimetumwa.

“Marahaba, Engelbert. Kanyaga kushoto, kulia pana mzigo.”

Mheshimiwa alikuwa ameshakanyaga kulia. Alijifanya hakuhisi kitu.

“Bi Zenz,” alisema, “manispaa imekuchagua. Heshima kubwa. Utamwigiza mzee wako mbele ya mgeni kutoka Munich. Naibu Waziri wa Mashamba, Desturi na Mandhari anakuja mwenyewe.”

“Nifanye nini?”

“Jambo dogo sana. Unatoka mlangoni, unatabasamu, unanipa ufunguo, unasema, ‘Kwa hiari yetu.’ Basi.”

Zenz aliendelea kukamua. Ng'ombe aligeuka akamwangalia Meya, akatafuna, akarudi kwenye shughuli zake.

“Na baada ya hapo mnaibomoa nyumba.”

“Tunaipa sura mpya.”

“Sura ya maegesho.”

“Na chemchemi, mama,” nikaongeza. “Usisahau chemchemi.”

Nilijiandaa kwa matusi, maana nasikia matusi ya ukoo wa Aigenmoser yana ladha yake. Badala yake alifuta mikono kwenye aproni na kusema, “Sawa. Nitacheza. Lakini nitavaa koti la baba.”

Mheshimiwa alifurahi mno. Njiani alinishika bega. “Umeona? Wananchi ukiwaheshimu, wanakuwa laini kama siagi.” Nikamjibu kwamba nimeona. Nilikuwa nimeona pia namna Zenz alivyotutazama tukiondoka, lakini nikaona hilo halihusiani na ajenda.

Mazoezi yalikwenda vizuri isipokuwa upande wa tabasamu. Mimi ndiye nilikuwa mratibu.

“Mama, hilo si tabasamu. Hapo umeng'ata meno.”

“Ndivyo tunavyocheka kwetu.”

“Jaribu kufikiria kitu cha kufurahisha.”

Akafikiria. Akamtazama Mheshimiwa kutoka utosini hadi kwenye viatu, na tabasamu likaja pana na zuri ajabu. Niliandika: tabasamu limepatikana.

Siku ikafika, Jumapili ya mwezi wa saba, jua kali, milima inaonekana karibu kana kwamba na yenyewe imealikwa. Bendi ya matarumbeta ilipiga. Soseji nyeupe ziliisha kabla ya kengele ya adhuhuri, kama desturi ya Bavaria inavyotaka, na haradali tamu ilibaki, kama kawaida. Wanaume walikuwa wamevaa kaptula za ngozi, na wale walionenepa tangu harusi zao walisimama wima bila kuinama. Naibu Waziri, Bi Adelgunde Reisacher, alikaa mstari wa mbele, mama mchangamfu mwenye kofia yenye unyoya, anayependa kila kitu. Alikuwa ameshapenda bendi, akapenda mlingoti wa maua, akapenda hata hotuba yangu.

“Watu wako wana roho nzuri, Bwana Meya,” alisema.

“Nimewalea mwenyewe,” Meinrad akajibu.

Zenz aliingia ndani ya nyumba ya kijiji akiwa na koti la baba yake, refu, la kijivu, lenye vifungo vya pembe. Mlango ukafungwa. Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Meinrad akasogea na kipaza sauti mkononi, akajisafisha koo, akasema kwa sauti ya marehemu baba yake:

“Jirani! Wakati umefika. Tuungane!”

Mlango haukufunguka. Kwa ndani tulisikia komeo likisukumwa.

“Jirani!” Meinrad akarudia. “Tuungane!”

Dirisha likafunguliwa. Zenz akatoa kichwa. Hakuwa anatabasamu.

“Ukinitaka, njoo unibebe.”

Watu wakacheka. Naibu Waziri akacheka kuliko wote. Meinrad aliniangalia, nikaangalia karatasi, karatasi haikuwa na msaada wowote.

Ndipo tukasikia ngurumo. Kutoka nyuma ya kanisa la Chini yalikuja matrekta, moja baada ya jingine, taratibu, kwa adabu kabisa, kila moja likivuta mkokoteni wa samadi uliojaa hadi pomoni. Waendeshaji walikuwa wazee waliokuwa vijana mwaka ule, na watoto wao. Walizunguka uwanja wakajipanga mbele ya mlango wa nyumba ya kijiji, wakazima injini. Harufu nayo ikachukua nafasi yake katika mstari wa mbele.

“Loh!” alisema Naibu Waziri akishika leso. “Uhalisia wa namna hii hata Munich hatuupati.”

Meinrad alifunika kipaza sauti kwa kiganja. “Vitus!” alimwita polisi wetu, kijana mpole ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuelekeza magari. “Mtoe huyo mama humo ndani. Sasa hivi.”

“Nimtoe vipi, Mheshimiwa? Amekaa nyumbani kwa watu wote.”

“Mtoe tu!”

Vitus alipita kati ya mikokoteni akiwa ameziba pua, akagonga dirisha. “Shangazi Zenz, Meya anasema utoke.”

“Mlango wazi upande wa nyuma, mwanangu. Leteni watu wanne. Ni mzito huu mti.”

Alikuwa na maana ya kiti. Vitus na watatu wa zimamoto waliingia. Punde wakatoka, wamembeba Zenz juu ya kiti cha mwaloni, amekaa wima, mikono magotini, koti la baba yake limefika hadi kwenye vifundo. Mwanzoni watu walipiga makofi. Kisha makofi yakapungua. Upande waliosimama wazee wa Chini, kofia zilianza kuvuliwa. Kisha nikaona jambo ambalo sikulitarajia katika ratiba: wazee wa Juu nao wakavua zao. Mmoja wao, aliyekuwa akiuza nyama enzi hizo, alikuwa analia bila kujificha.

Bendi ilishusha matarumbeta. Walimtua barabarani, palepale alipotuliwa baba yake.

“Baba hakutabasamu,” alisema Zenz. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. “Ufunguo hakumpa mtu. Aliwaambia wale polisi, ‘Angalieni mgongo, vijana, mimi si mwepesi.’ Basi. Hilo tu ndilo alilosema. Mkimwandika, mwandikeni hivyo.”

Kama Meinrad angenyamaza hapo, ningekuwa bado na meya. Lakini kiongozi aliyeandaa hotuba ni mtu wa hatari. Uso wake ulikuwa mwekundu kama figili. Aliinua kipaza sauti.

“Miaka arobaini!” alifoka. “Miaka arobaini tunawabembeleza! Mnanuna kanisani, mnanuna mazikoni, mnanuna hata kwenye bahati nasibu! Kama hamtutaki, basi nendeni! Jitengeni! Kaeni peke yenu! Nani amewashika?”

Ng'ombe wa ng'ambo alisikika akikohoa.

Naibu Waziri akasimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Sina hakika kama ni ya uchungu au ya samadi. Alimwendea Meinrad, akamkumbatia mbele ya wapiga picha wote wa wilaya.

“Bwana Meya,” alisema, na kipaza sauti kilikuwa kati yao, “nimeona maigizo mengi. Lakini kiongozi anayesimama hadharani na kuwapa watu uhuru wao, huyo sijamwona. Wizara yangu itakuwa nanyi hatua kwa hatua. Nawaahidi wananchi wa Gnadling ya Chini: alichosema Meya wenu kitatekelezwa.”

Matrekta yote yakapiga honi. Meinrad aliniita kwa kidole. Nilimsogelea.

“Mwambie hakunielewa,” alininong'oneza.

“Nimwambie Naibu Waziri kwamba hakuelewa?”

Alifikiria. “Hapana,” alisema. “Usimwambie.”

Kesho yake magazeti yalimwita Meya Jasiri. Alipigiwa simu za pongezi kutoka vijiji ambavyo hatukujua kama bado vipo. Meya wa namna hiyo hawezi kurudi nyuma; anaweza tu kwenda mbele akiwa na huzuni. Ikaitishwa kura ya kutengana. Mheshimiwa alikuwa na tumaini moja: kwamba watu wa Juu, wanaomchagua kila mara, wataikataa. Lakini watu wa Juu nao walikuwa hawajaulizwa mwaka 1978. Walikuwa wamechoshwa na kwaya mbili kugombania misa moja. Walipiga kura ya ndiyo kwa wingi kuliko hata watu wa Chini.

Majira ya vuli alikuja mpima ardhi kutoka wilayani, bwana mkimya mwenye mguu wa kushoto mrefu kidogo, kuweka mpaka mahali ulipokuwa zamani. Mimi nilimshikia fimbo. Tulikwenda na kijito, tukapita shamba la Zenz, tukapanda mteremko wa jua, ule wenye nyumba mpya na mandhari ya milima. Pale juu mpima alisimama.

“Hii nyumba yenye bwawa la kuogelea ni ya nani?”

“Ya Meya.”

“Meya wa wapi?”

“Wa Gnadling ya Juu.”

Alichungulia kwenye chombo chake, akachungulia tena, akaniangalia kwa huruma ya kitaaluma.

“Basi anaishi ugenini,” alisema.

Sheria yetu ni fupi na haina utani: meya wa kujitolea, wa manispaa ndogo kama yetu, lazima awe mkazi wake. Miaka mingi nyuma Meinrad alijenga ng'ambo kwa sababu jua la jioni ni zuri zaidi upande wa Chini, na wakati huo Chini haikuwepo. Sasa ilikuwepo, na jua lilikuwa la kwao.

Nilimpelekea habari nyumbani. Alikaa mezani na mkewe, Roswitha, mama mwenye macho makavu na mikono ya unga.

“Tutahama,” alisema Meinrad. “Kuna chumba cha kupanga juu ya duka la nyama.”

“Utahama,” alisema Roswitha.

“Rosi, ni kwa ajili ya manispaa.”

“Ipe salamu. Mimi jiko langu linaangalia milima. Huko kwenye duka la nyama litaangalia nini? Nguruwe?”

“Ni kwa muda tu!”

“Chukua blanketi la bluu. Mbwa anabaki.”

Alihama. Niliandikisha makazi yake mapya mwenyewe, nikapiga muhuri. Kila asubuhi alikaa dirishani juu ya duka, akila mkate na vipande baridi vya soseji, akitazama ng'ambo ya kijito nyumba yake mwenyewe, ambako moshi ulitoka kwenye bomba na mkewe alikuwa akipika kitu. Wateja wa duka waliinua macho wakampungia. “Umelala salama, Mheshimiwa?” “Kumekucha, Mheshimiwa?” Mwanzo aliitikia. Baadaye alivuta pazia.

Wiki ya Majilio, kabla ya Krismasi, mbwa alivuka kijito, akaja kusimama chini ya dirisha lake akabweka mpaka watu wakatoka nje kuuliza kulikoni. Siku ileile Meinrad aliniletea barua ya kujiuzulu, akaiweka mezani, akachukua blanketi la bluu akarudi nyumbani kwa miguu. Nilimtazama kutoka ofisini akiruka kijito. Aliteleza kidogo. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma.

Watu wa Chini walimchagua Zenz kuwa meya wao. Alisema hataki, wakamwambia baba yake naye alisema hivyo. Kwa kuwa manispaa mpya haikuwa na katibu, nami nina uzoefu, wilaya iliniagiza nizihudumie zote mbili. Nina mihuri miwili sasa, na kwa kweli najisikia mtu mkubwa zaidi kuliko zamani.

Kikao chao cha kwanza kilifanyika katika nyumba ya kijiji, siku theluji nzito ya kwanza ya mwaka ilipoanguka. Jiko la kuni lilikuwa linanguruma. Zenz alikaa kichwani mwa meza. Kwenye benchi la wananchi, karibu na mlango, alikaa Meinrad, kofia magotini. Ajenda ilipokwisha, aliinua mkono.

“Mwananchi Dirnhofer ana neno,” alisema Zenz.

Alisimama. “Nauliza, Mhe...” Alikunja kofia yake mara mbili. “Mheshimiwa. Njia mbele ya nyumba yangu haijaondolewa theluji tangu asubuhi. Mke wangu ameshindwa kutoka. Nani anahusika?”

“Mbele ya nyumba ya nani?”

“Yangu.”

“Basi mhusika umempata. Beleshi unalo?”

“Sina. Zamani gari la manispaa lilikuwa... linapita.”

“Kwako lilikuwa linapita,” alisema mzee mmoja wa baraza, bila ubaya. “Sisi tulikuwa tunaliona kwa mbali.”

Zenz alinyanyuka, akaenda kwenye kabati la zimamoto, akatoa beleshi pana la bati, akampa Meinrad mkononi.

“Lirudishe kesho. Anzia hapa mlangoni upashe misuli, Vitus naye apate pa kupita.”

Alitoka. Baraza zima likaahirisha kikao kwa ajili ya kukagua kazi za umma, na sote tukasimama dirishani na vikombe vyetu vya chai. Aliyekuwa meya wa pande zote mbili alisimama kwenye theluji, akazungusha kile chombo mara kadhaa, akakipiga chini, theluji ikamrukia usoni. Zenz alifungua dirisha.

“Geuza, Meinrad,” alimwambia taratibu. “Sehemu ya juu umeiweka chini.”